Usimalize Kulipia Dirisha Kabla Mvua Haijanyesha

Mwenzetu mmoja hapa ofisini aliamua kumfanyia mamake ukarabati wa nyumba huko Kakamega. Nyumba ni ya zamani. Madirisha ya chuma yalikuwa yameliwa na kutu, ukivuta moja unabaki na kipini mkononi. Mlango wa nyuma ulikuwa umefura kwa maji, haufungi mpaka upigwe teke. Jirani akamwelekeza kwa fundi wa mtaa. Fundi akaja na tepu, akapima dirisha la sebuleni, akaandika vipimo kwenye kiganja cha mkono, akasema, "Usijali dada, hayo mengine ni saizi moja tu."

Madirisha 6 na mlango mmoja: KSh 74,000. Kwa siku mbili mwenzetu alikuwa ametuma pesa zote, tena kwa nambari ambayo fundi alisema ni ya mkewe, eti laini yake mwenyewe "ina shida kidogo".

Madirisha yalikuja. Ya sebuleni yakaingia vizuri. Mawili ya chumba cha mama yalikuwa makubwa kuliko matundu yake, ikabidi ukuta ubomolewe kidogo, halafu mapengo yakajazwa saruji haraka haraka. Rangi ilikuwa inang'aa. Picha zikatumwa kwenye grupu ya familia, kila mtu akapongeza. Wiki iliyofuata mvua kubwa ikanyesha usiku, na mama akaamka godoro likiwa limelowa. Asubuhi fundi akapigiwa: simu imezimwa. Jioni: imezimwa. Mpaka leo.

Sisi kazi yetu ni malipo kwa simu, hatuuzi madirisha. Lakini madirisha na milango ni kati ya vitu ambavyo familia nyingi hulipia kwa mkupuo mmoja mkubwa, kwa mtu waliyemfahamu juzi, na kwa kitu ambacho bado hakijatengenezwa. Hapo ndipo pesa hupotelea. Kwa hivyo tumeandaa mwongozo huu wa mambo mawili yanayokwenda pamoja: namna ya kuchagua dirisha au mlango unaoifaa nyumba yako, na namna ya kulipa ili pesa yako ifuate kazi, isiitangulie.

Anza na shida, bei baadaye

Kabla hujamuita fundi yeyote, zunguka nyumba na daftari. Kila dirisha na kila mlango upe jina: D1, D2, D3 kwa madirisha, M1, M2 kwa milango. Andika kila kimoja kina shida gani. Je, maji yanaingia? Upepo unapiga filimbi usiku? Mbu wanaingia? Chumba kina joto na giza? Kitasa hakishiki? Au ni sura tu imechoka?

Daftari hili litakuokolea pesa kwa sababu si kila kitu kinahitaji kubadilishwa. Dirisha la chuma ambalo fremu yake bado ni imara linaweza kupigwa msasa, kupakwa rangi ya kuzuia kutu, kuwekewa pati mpya na kubadilishiwa vipini. Mlango wa mbao unaogusa sakafu huenda una bawaba zilizolegea tu. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Basi ziba ufa, na pesa iliyobaki uipeleke kwa kile kilichokufa kabisa.

Kilichokufa ni kipi? Fremu ya chuma ambayo ukiichoma kwa bisibisi inatoboka. Fremu ya mbao iliyoliwa na mchwa, ukiigonga inasikika tupu ndani. Dirisha lililopinda hadi haliwezi kufungwa. Hayo ndiyo ya kuanza nayo, hata kama ni mawili tu kwa sasa na mengine mwakani.

Chuma, aluminiamu au mbao?

Mafundi wengi watakuambia kilicho bora ni kile wanachotengeneza wao. Ukweli ni kwamba kila kimoja kina mahali pake.

Chuma ndicho kilichozoeleka Kenya. Ni imara, kinachomelewa na fundi karibu kila mtaa, na kikiharibika kinarekebishika. Adui yake ni kutu. Ukiagiza chuma, uliza geji. Hapa watu wengi huchanganyikiwa: nambari ikiwa ndogo, chuma ni kinene. Geji 16 ni nene, karibu milimita 1.5, na geji 18 ni nyembamba zaidi, karibu milimita 1.2. Bei mbili zikitofautiana sana kwa dirisha la saizi moja, mara nyingi tofauti iko kwenye geji, na kwa macho huwezi kuiona baada ya rangi kupakwa.

Aluminiamu haishiki kutu kama chuma, ni nyepesi na haihitaji kupakwa rangi kila baada ya miaka michache. Kwa mtu wa Mombasa, Kilifi au Lamu, ambako hewa ya chumvi hula chuma haraka, inaeleweka kwa nini wengi wanaihamia. Lakini hata huko, hakikisha skrubu na bawaba ni za chuma kisichoshika kutu, vinginevyo fremu itabaki mpya huku skrubu zikioza. Kwa dirisha la kuteleza, jua pia kwamba lenye vipande viwili hufunguka nusu tu ya upana wake. Dirisha la bawaba la saizi hiyo hiyo hufunguka karibu lote. Kama chumba ni kidogo na kina joto, hilo ni jambo kubwa.

Dirisha la kuteleza lina siri nyingine ndogo. Kwenye reli ya chini kuna vitundu vya kutolea maji nje. Mvua ikipiga, maji huingia kwenye reli kisha hutoka kupitia hapo. Fundi asiye makini huviziba kwa silikoni, na maji yakikosa pa kutokea yanamwagikia ndani. Muulize akuonyeshe vitundu hivyo kabla hajaondoka.

Mbao bado ina heshima yake, hasa kwa mlango wa mbele. Mbao ngumu kama mvule na mahogani hudumu zikitunzwa. Tatizo kubwa la mbao ni unyevu. Mbao ambayo haikukaushwa vizuri itanywea au kupinda ikishafungwa, na mlango uliokuwa unafunga sawa mwezi wa kwanza utaanza kukwama au kuacha pengo. Uliza ilikaushwa vipi na kwa muda gani. Nunua iliyotiwa dawa ya mchwa, na uhakikishe kingo zote zimepakwa rangi au vanishi, hata ukingo wa juu na wa chini ambao hakuna mtu anauona. Maji huingilia huko.

Kwa milango ya ndani, ile myepesi ya plaiwudi yenye uwazi katikati inatosha vyumba vya kulala. Usiweke ya aina hiyo bafuni. Mvuke na maji ya sakafuni huifanya ivimbe na kubanduka kuanzia chini.

Kwa mlango wa nje, ubora uko pia kwenye kitasa na bawaba. Mlango mzito wa chuma au mbao ngumu uwe na bawaba 3, si 2. Kitasa chenye liva 5 ni kigumu kuchezewa kuliko chenye liva 2 au 3. Na kama nyumbani kuna mzee, au mtu anayetumia kiti cha magurudumu, fikiria mlango wa upana wa angalau sentimita 90 na kizingiti kisichokwaza mguu. Ukarabati haufanyiki kila mwaka, na wazazi wetu hawazidi kuwa vijana.

Angalizo kwa wenye nyumba katika Mji wa Kale wa Lamu, ambao uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001: kabla ya kung'oa mlango wa zamani, zungumza kwanza na ofisi ya Makumbusho. Na popote ulipo, ukitaka kupanua tundu au kubomoa ukuta ili uweke dirisha kubwa, pitia ofisi ya ujenzi ya kaunti yako. Juu ya kila dirisha kuna linta inayobeba uzito wa ukuta, na si kitu cha kugusa kwa kubahatisha.

Kioo, hewa na mbu

Kioo cha milimita 3 ni chepesi na cha bei ya chini, lakini kwa dirisha kubwa hutetemeka upepo ukivuma na huvunjika upesi. Milimita 4 au 5 ni afadhali kwa madirisha ya kawaida. Kwa mlango wa kioo, au dirisha linalofika karibu na sakafu ambapo mtoto anaweza kuligonga, agiza kioo cha usalama. Kuna kilichokazwa kwa joto, ambacho kikivunjika huwa punje ndogo ndogo badala ya vipande vyenye makali. Kuna pia chenye tabaka mbili zilizogandishwa pamoja, ambacho kikipasuka vipande hubaki vimeshikana.

Kumbuka kitu kimoja: kioo kilichokazwa kwa joto hakikatwi tena. Vipimo vikikosewa, kioo hicho kimeisha, na kitu cha kujadiliwa kitakuwa ni nani atakilipa.

Halafu hewa. Nyumba nyingi za zamani zina matundu ya hewa juu ya dirisha, yale ambayo hayafungwi. Ukibadilisha dirisha, fundi anaweza kuyaziba ili kazi ionekane safi. Usikubali. Kama nyumbani mnatumia jiko la makaa, moto huo hutoa gesi ya kaboni monoksidi. Haina rangi wala harufu, na katika chumba kilichofungwa huua watu wakiwa usingizini. Makaa yasilale ndani, na matundu yaachwe wazi. Yawekee wavu wa mbu, hewa itapita na mbu watabaki nje.

Wavu huo uwe sehemu ya oda yako tangu mwanzo, hasa kama unaishi sehemu zenye malaria nyingi kama Pwani, kando ya Ziwa Victoria na magharibi. Kuongeza wavu baadaye ni kumlipa fundi mara ya pili, na mara nyingi utakuta grili imekaa mahali ambapo wavu ungepaswa kukaa.

Grili izuie mwizi, isikufungie ndani

Hapa tunaomba usome polepole. Karibu kila nyumba mjini ina grili madirishani, na tunajua ni kwa nini. Lakini grili iliyochomelewa moja kwa moja kwenye kila dirisha inaifanya nyumba iwe na njia moja tu ya kutoka, yaani mlangoni. Moto ukianzia sebuleni au jikoni, aliye chumbani hana pa kupita. Majirani watakuja na nyundo, na chuma kile kile ulicholipia kiwe imara ndicho kitakachowazuia.

Suluhisho lipo na si ghali sana. Katika kila chumba cha kulala, grili ya dirisha moja iwe na bawaba na ifunguke kwa ndani kwa kufuli. Ufunguo utundikwe ukutani mahali pamoja palepale, mbali na mkono wa mtu aliye nje, na kila mtu nyumbani ajue ulipo, watoto pia. Jaribuni mara moja usiku taa zikiwa zimezimwa. Kama mtoto wa miaka 10 anaweza kuifungua, mmefaulu. Mweleze fundi jambo hili kabla hajaanza kukata chuma, kwa sababu kubadilisha grili iliyokwisha kuchomelewa ni gharama mpya.

Pima kila tundu, hata kama yanafanana

Kosa lililoulowesha godoro la mama yule lilianzia kwenye tepu. Matundu ya nyumba ya mawe au matofali hayafanani hata kama yalichorwa yafanane. Mwashi aliyejenga alichoka, plasta ikawa nene upande mmoja, na hapo tofauti ya sentimita 3 au 4 ni kawaida.

Kila tundu lipimwe peke yake, kutoka ukuta hadi ukuta. Usipime fremu ya zamani. Pima upana mara tatu: juu, katikati, chini. Pima urefu mara tatu: kushoto, katikati, kulia. Chukua kipimo kidogo kuliko vyote, kisha fremu itengenezwe ikiwa ndogo kwa takriban milimita 10 ili iingie bila kulazimishwa. Pima pia kutoka pembe hadi pembe, pande zote mbili. Vipimo hivyo viwili vikipishana sana, tundu limepinda na fundi anapaswa kujua mapema.

Kisha kubalianeni mnatumia lugha gani. Fundi mwingi husema kwa futi, lakini mchoro na duka la vioo husema kwa milimita. "Futi nne" ni milimita 1,219. Mchoro ukisema 1,200 na fundi akasikia futi nne, tayari mmepishana karibu sentimita 2. Andikeni milimita peke yake, na wewe upime kivyako kabla ya kulinganisha. Kama huwezi kufika nyumbani, mwambie ndugu aliye huko apime na akutumie picha ya tepu ikiwa ukutani, nambari zikionekana.

Kotesheni iseme kila kitu

Omba bei kwa mafundi angalau watatu, na wote uwape karatasi moja yenye vipimo na maelezo yale yale. Ukimuuliza mmoja "dirisha ni ngapi?" na mwingine "dirisha la geji 16 la 1,200 kwa 1,200 lenye kioo cha milimita 4 ni ngapi?", hizo bei mbili hazilinganishiki.

Kotesheni nzuri hutaja haya: kila dirisha kwa jina lake na vipimo vyake, aina ya chuma au aluminiamu na unene wake, aina ya kioo, wavu, grili na ipi inafunguka, kitasa, rangi ya kuzuia kutu na rangi ya mwisho, nani atang'oa ya zamani, nani atapiga plasta baada ya kufunga, usafiri, tarehe ya kumaliza, na kila awamu inalipwa kiasi gani. Fundi akikuambia "hayo yote yamo, usijali," mwombe ayaandike. Hata ujumbe wa simu unatosha, mradi umetoka kwake.

Muulize pia akuonyeshe nyumba mbili alizofanyia kazi zaidi ya mwaka mmoja uliopita, kwa sababu kazi ya wiki iliyopita hupendeza kila mara. Kwa kazi kubwa, uliza kama amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, ambayo husajili wanakandarasi na kuwatambua mafundi stadi.

Pesa ifuate kazi

Sasa tuje upande wetu. Mwenzetu alipotafuta fundi wa pili kutengeneza upya madirisha mawili ya mama na ule mlango wa nyuma, alibadilisha namna ya kulipa. Kazi yote ilikuwa KSh 40,000. Aliigawa hivi.

Vifaa, KSh 25,000: hakumtumia fundi. Fundi aliandika orodha, na mwenzetu akalipa moja kwa moja kwa nambari ya till ya hadiwea na ya duka la vioo, kisha maduka yakatoa risiti na kumpa fundi vifaa. Kwa njia hii geji 16 iliyoandikwa kwenye karatasi ndiyo iliyobebwa kwenye mkokoteni.

Leba, KSh 15,000, kwa awamu nne. KSh 3,000 siku ya kuanza, ili fundi ale na apande gari. KSh 5,000 fremu zikiwa tayari lakini kabla ya rangi. KSh 4,000 kila kitu kikishafungwa na kufunguka vizuri. KSh 3,000 za mwisho baada ya mvua.

Awamu ya "kabla ya rangi" usiiruke, maana rangi huficha mengi. Nenda karakana, au tuma mtu, uangalie maungio yaliyochomelewa. Yawe yamejaa, yamesuguliwa, hayana matundu. Hapo ndipo kutu huanzia. Pima fremu kwa tepu yako na ulinganishe na karatasi. Kosa likionekana karakana ni kazi ya saa moja. Likionekana ukutani ni kazi ya siku tatu na mfuko wa saruji.

Na ile awamu ya mvua? Mkubaliane mapema ili fundi asihisi anaonewa: mvua kubwa ya kwanza au siku 21, lolote litakalotangulia. Kama ni kiangazi, mwaga maji kwa mpira kwenye dirisha kutoka nje kwa dakika kadhaa huku mtu mwingine akiangalia ndani. Angalia pembe za chini, na uone kama kizingiti cha dirisha kimeinamia nje ili maji yasirudi ukutani.

Unapolipa, zingatia haya:

Lipa kwa till au Paybill ya biashara panapowezekana. Jina la biashara hubaki kwenye ujumbe wako, tofauti na nambari ya "mke wangu" au "binamu yangu".

Soma jina kabla ya kuweka PIN. Kama kotesheni imetoka kwa mtu mmoja na jina kwenye simu ni la mwingine, simama hapo. Mpigie, ulize. Fundi mkweli hatakasirika.

Baada ya kila malipo, mtumie fundi ujumbe mfupi: "Nimekutumia 5,000, awamu ya pili, fremu za D4, D5 na M2, zimebaki 7,000." Akijibu "sawa", mna makubaliano yaliyoandikwa.

Usikimbizwe na ofa. "Lipa leo kabla saa kumi, kesho bei inapanda" ni maneno ya kukufanya usisome karatasi. Bei nzuri ya leo itakuwepo pia baada ya kupima.

Usifute jumbe za malipo mpaka kazi iishe kabisa. Mali bila daftari huisha bila habari, na simu yako ndiyo daftari. Ukizipoteza, unaweza kuomba taarifa ya miamala yako.

Na kama bado unakusanya, usikae na pesa ya madirisha kwenye salio la kila siku, utaila. Itenge kwenye akiba, mdogo mdogo, awamu kwa awamu. Ukiwa na pesa ya madirisha mawili, fanya mawili. Kazi ya kulipwa kwa awamu inakusaidia hata wewe unayekusanya polepole.

Mambo yakiharibika

Tuseme wazi jambo ambalo wateja wengi hutuuliza wakiwa wamechelewa. Kurejesha muamala ni kwa pesa iliyoenda kwa nambari isiyo sahihi. Ukikosea nambari, ripoti mara moja, kabla aliyeipokea hajaitoa. Lakini kama ulimtumia fundi mwenyewe, kwa hiari yako, na kazi ikawa mbovu, hatuwezi kuichukua pesa kwenye akaunti yake na kukurudishia. Huo ni ugomvi wa kazi, na una njia yake.

Njia ya kwanza ni mazungumzo, ukiwa na kotesheni na jumbe zako mkononi. Watu wengi hulegea wakiona kila kitu kimeandikwa. Ikishindikana, kuna Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi Nairobi mwaka 2021 kabla ya kufunguliwa katika miji mingine. Husikiliza madai yasiyozidi KSh 1,000,000, sheria inaitaka imalize kesi ndani ya siku 60, na unaweza kujisimamia bila wakili. Huko utaulizwa mlikubaliana nini, ulilipa nani, lini na kiasi gani. Mtu mwenye kotesheni, picha na jumbe za malipo ana majibu. Aliyetuma KSh 74,000 kwa nambari ya "mke wa fundi" bila karatasi yoyote ana kazi kubwa mbele yake.

Mwenzetu hakufika huko. Aliamua kuihesabu ile pesa kuwa karo ya shule na kuanza upya. Madirisha mapya ya mama yalifungwa Jumamosi. Jumatano mvua ikanyesha, ile ya Kakamega ya jioni, na tone moja likaingia kwenye pembe ya chini ya D5. Mama akapiga picha, akaituma. Fundi alifika asubuhi iliyofuata na silikoni mkononi, akaziba, akasubiri hadi mvua ya jioni ikapiga tena na pembe ikabaki kavu.

KSh 3,000 zake zilikuwa bado kwenye simu ya mwenzetu. Zilitumwa usiku huo huo, na ujumbe wa mwisho kwenye daftari lao ukasomeka: "Nimekutumia 3,000, awamu ya mwisho. Asante fundi, Mama amelala."